Msema Pweke Hakosi

MAONI YA MHARIRI

Wahenga walinena kwamba msema pweke hakosi. Anayezungumza peke yake hana wa kumsahihisha wala wa kumpinga, na mwisho wa maneno yake yeye ndiye huonekana mwenye haki. Anayetaka kuuona ukweli wa methali hii na aende asubuhi ya Jumatatu akaketi kwenye benchi la nyuma katika mahakama yoyote ya hakimu hapa nchini. Atawaona washtakiwa wakipandishwa kutoka korokoroni, wengine bila viatu wala mishipi, wakisomewa mashtaka ambayo karani huyafasiri kwa haraka. Upande mmoja amesimama kiongozi wa mashtaka, mtu aliyesomea kazi yake, faili mkononi. Upande wa pili amesimama kijana aliyekamatwa Jumamosi usiku, asiyejua tofauti ya kukana shtaka na kuomba dhamana. Anaulizwa kama ana la kusema. Anajibu, "Naomba msamaha." Kwa maneno hayo mawili amekwisha kujifunga.

Wasomaji wetu walio waumini watakumbuka habari iliyo katika Matendo ya Mitume, sura ya 24. Kuhani mkuu Anania alipoteremka Kaisaria kumshtaki Paulo mbele ya liwali Feliki, hakwenda na wazee peke yao. Alikwenda na msemaji aitwaye Tertulo, bingwa wa maneno, aliyejua kuanza kwa kumsifu liwali kabla ya kumpaka mshtakiwa matope. Paulo alijitetea mwenyewe, na alijitetea vyema. Lakini Paulo alikuwa msomi aliyefunzwa na Gamalieli, tena raia wa Rumi aliyejua ni wakati gani wa kuutaja uraia wake na ni wakati gani wa kukata rufani kwa Kaisari. Je, katika parokia zetu na mitaa yetu, akina Paulo ni wangapi? Wengi wetu tukisimama mbele ya Tertulo, ulimi hushikamana na kaakaa.

Kwa sababu hiyo, swali la nani anayestahili kusimama mahakamani na kusema kwa niaba ya mwingine, na baada ya mafunzo gani, si swali la mawakili peke yao. Ni swali la kila mzazi mwenye mwana, kila mjane mwenye shamba lenye mgogoro, na kila mpenda mageuzi ambaye siku moja atagongewa mlango alfajiri.

SHANGWE ZA MWAKA 2023

Mwezi wa Oktoba mwaka 2023 nchi nzima ilizungumza juu ya mtu mmoja aliyetuhumiwa kujifanya wakili. Chama cha Mawakili kilitoa ilani juu yake, naye akakamatwa. Habari zikaenea hadi nchi za ng'ambo kwamba alikuwa ameshinda kesi 26, hesabu ambayo haikuthibitishwa. Juu ya mtu mwenyewe hatusemi neno. Tuhuma si hatia, na sisi tuliopigania haki ya kila mshtakiwa kuhesabiwa hana kosa mpaka ithibitishwe vinginevyo hatuwezi kuigeuka haki hiyo kwa ajili ya kicheko.

Lililotushughulisha ni shangwe za wananchi. Watu walicheka, wakapiga makofi, wakauliza: kama mtu aweza kushinda kesi bila kupita chuoni, miaka yote hiyo ya masomo ni ya nini? Hata baadhi ya viongozi wa umma walijitokeza kumtetea. Si haki kuzipuuza shangwe hizo. Zilikuwa hukumu ya wananchi juu ya kazi ya uwakili kama wanavyoiona: wakili ni mtu wa suti anayedai ada kubwa, anayeahirisha kesi mwaka hadi mwaka, na ambaye maskini hamwoni ila kwa mbali. Aliyenyimwa maji kisimani hawezi kulia anaposikia kwamba mtu ameruka ua wa kisima.

Hata hivyo, jarida hili halikupiga makofi, na leo tunaeleza sababu. Tunaamini kwamba masharti ya elimu na mafunzo kwa wakili ni ngao ya mwananchi, na ngao haitupwi. Tunaamini vilevile kwamba ngao hiyo imeachwa kwa muda mrefu igeuzwe kuwa ukuta, na ukuta huo sharti ubomolewe. Mambo haya mawili yanakwenda pamoja, na atakayelishika moja na kuliacha la pili atakuwa ametetea nusu ya haki.

SHERIA INATAKA NINI

Tuanze na sheria yenyewe, maana wengi hubishana juu yake bila kuijua. Sheria ya Mawakili, Sura ya 16 ya Sheria za Kenya, inamtaka anayetaka kuwa wakili awe kwanza na shahada ya sheria, ambayo kwa kawaida huchukua miaka 4 katika chuo kikuu kinachotambuliwa. Kisha huingia katika Chuo cha Sheria cha Kenya kwa mafunzo ya kazi yenyewe: kuendesha kesi za madai na za jinai, mambo ya mirathi, uhamishaji wa ardhi, uandishi wa hati, utetezi mbele ya mahakama, maadili ya kazi na mengineyo, masomo 9 kwa jumla. Huwekwa chini ya wakili mzoefu kwa uanagenzi wa miezi 6, na wakili huyo lazima awe amefanya kazi kwa miaka isiyopungua 5. Hufanya mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria. Akifaulu humpelekea Jaji Mkuu ombi lake, hula kiapo mbele yake, na jina lake huandikwa katika Daftari la Mawakili.

Hata hapo hajafika mwisho. Kila mwaka sharti achukue cheti kipya cha kufanyia kazi. Kifungu cha 9 cha sheria hiyo kinayadai mambo matatu kwa pamoja: awe amekubaliwa kuwa wakili, jina lake liwe katika daftari, na awe na cheti kinachotumika. Kifungu cha 31 kinamkataza asiye na sifa hizo kufanya kazi ya wakili, na kifungu cha 33 kinamwadhibu anayejitangaza kuwa wakili hali si wakili.

NGAO YENYEWE NI IPI?

Mwananchi anapata faida gani kutokana na safari hii ndefu? Tutataja nne.

Ya kwanza ni siri. Sheria ya Ushahidi inayalinda maneno ambayo mteja humwambia wakili wake kwa ajili ya kazi hiyo. Wakili hawezi kulazimishwa kuyatoa bila idhini ya mteja. Ulinzi huo haumfuati dalali wa kesi anayejiita wakili. Unayomwambia yeye umeyatangaza sokoni.

Ya pili ni kuwajibika. Wakili akila fedha za mteja, akitelekeza kesi, au akipatana na upande wa pili kwa siri, yapo mahali pa kumpeleka: kuna Tume ya Kupokea Malalamiko dhidi ya Mawakili, na kuna Mahakama ya Nidhamu yenye uwezo wa kumtoza faini, kumsimamisha, na hata kulifuta jina lake katika daftari. Tunajua kwamba vyombo hivi huenda polepole, na tumeyapokea manung'uniko ya waliosubiri mno. Lakini jina lisiloandikwa popote haliwezi kufutwa popote. Anayekula fedha zako leo bila kuwa wakili atafungua ofisi nyingine kesho mtaa wa pili.

Ya tatu ni ujuzi wa mambo madogo yanayoua kesi kubwa. Aliyehukumiwa na hakimu katika kesi ya jinai ana siku 14 za kukata rufani. Ushahidi usiopingwa siku ulipotolewa ni vigumu kuurudia baadaye. Neno "naomba msamaha" laweza kuandikwa kuwa kukiri kosa. Mambo haya mtu hayajui kwa kipawa cha ulimi. Hufunzwa, hukosea mbele ya mwalimu, hurekebishwa, na ndipo hukabidhiwa maisha ya mwingine. Hatumruhusu mtu mwenye mikono myepesi aingie chumba cha upasuaji kwa sababu tu ana moyo wa huruma.

Ya nne, na kwetu sisi wa mageuzi ndiyo iliyo nzito zaidi, ni ujasiri wenye haki nyuma yake. Wakili aliyeapishwa ana haki ya kusikilizwa hata hakimu asipopenda na hata serikali ikikasirika. Hapa tunahitaji kukumbuka tulikotoka.

TULIKOTOKA

Katika utawala wa kikoloni hapakuwa na chuo cha sheria katika Kenya. Aliyetaka uwakili alilazimika kuvuka bahari, na Mwafrika wa kawaida hakuwa na nauli wala ruhusa ya ndoto hiyo. C. M. G. Argwings-Kodhek, mmoja wa Waafrika wa kwanza kuwa wakili nchini, alisomea Uingereza, akarudi kuwatetea watu wake katika miaka ya hali ya hatari. Tena, katika mahakama za Kiafrika, ambako wengi wa baba zetu walishtakiwa, mawakili hawakuruhusiwa kabisa kuingia. Mkoloni alieleza kwamba kesi za wenyeji ni nyepesi na hazihitaji msemaji. Tunda la maelezo hayo lilikuwa mtu mweusi kusimama peke yake. Ilipofika kesi ya Kapenguria ya mwaka 1952 na 1953, D. N. Pritt alitoka Uingereza kuwaongoza watetezi wa washtakiwa sita, pamoja na mawakili wa hapa kama Achhroo Kapila na Fitz de Souza. Kesi iliwekwa mbali, katika wilaya iliyofungwa, mahali pasipoingiwa ila kwa kibali. Wakati huo serikali haikuwa na ubishi juu ya thamani ya wakili. Ilijitahidi tu kumweka mbali na mteja wake.

Chuo cha Sheria cha Kenya kilifunguliwa mwaka 1963, baada ya kamati ya Lord Denning kupendekeza elimu ya sheria itolewe hapa Afrika, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanza kufundisha sheria mwaka 1970. Mlango ukafunguka. Watoto wa wakulima na wa makarani wakaingia.

Kisha ukaja utawala wa chama kimoja. Wazee wetu wa harakati hawajasahau kesi za Mwakenya za mwaka 1986 na 1987. Washtakiwa walifikishwa mahakamani jioni, saa ambazo mawakili na jamaa wamekwisha kwenda zao, wakakiri makosa bila mtetezi, wakafungwa. Kila mmoja wao alikuwa na kinywa. Hawakuwa na mtu wa kuuliza walikuwa wapi siku zote hizo na walipata wapi majeraha. Gibson Kamau Kuria alipochukua hatua ya kuishtaki serikali kwa niaba ya waliodai kuteswa, yeye mwenyewe akawekwa kizuizini Februari 1987. Julai 1990, siku za Saba Saba, John Khaminwa, Mohammed Ibrahim na Gitobu Imanyara walitiwa kizuizini. Serikali ile haikuogopa watu wanaoijua sheria, maana wenyewe ilikuwa nao wengi. Iliwaogopa wale waliokuwa na haki ya kusimama na kuitaja mbele ya watu.

Kutokana na historia hiyo tunapata funzo lenye pande mbili. Tunamhitaji wakili aliyehitimu, kwa kuwa kuhitimu kwake ndiko kunakompa mahali pa kusimama. Na twapaswa kukesha, kwa kuwa anayeshika funguo za kuhitimu anaweza kuzitumia kuchagua ni nani wa kusema na ni nani wa kunyamaza. Masharti ya uwakili yakae katika sheria iliyoandikwa wazi, yawe sawa kwa wote, na yasiwe zawadi ya mkubwa yeyote.

UKUTA WA LEO

Sasa tuutazame ukuta. Sheria ya Chuo cha Sheria cha Kenya ya mwaka 2012 ilitaja alama ya C+ kwa jumla katika mtihani wa KCSE, pamoja na B katika Kiingereza au Kiswahili. Juu ya nani hasa anayebanwa na sharti hilo, chuo na wanafunzi wamevutana mahakamani kwa miaka mingi. Nyuma ya mabishano ya vifungu wako watu: yule aliyepata alama hafifu akiwa na umri wa miaka 17, katika shule ya kutwa isiyo na vitabu, kisha akapanda ngazi kwa cheti, kwa stashahada, hata akapata shahada ya sheria yenye heshima, ndipo akaambiwa kwamba mtihani wa ujana wake bado unamdai. Msimamo wetu ni wazi. Mtihani wa mwisho uwe mgumu kama inavyostahili kazi yenyewe, lakini mtu apimwe kwa alichokijua mwisho na si kwa alichokosa mwanzo.

Jambo la lugha nalo halijapata kujadiliwa ipasavyo. Sheria imekiweka Kiswahili sawa na Kiingereza katika alama ya kuingilia, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha mbili za mahakama za chini. Hata hivyo wakili hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, akatoka na ufasaha ambao mteja wake hausikii. Wengi wanaosimama kizimbani huifuata kesi yao kwa kutazama nyuso. Wakili asiyeweza kumweleza mama wa Kitui au mvuvi wa Lamu, kwa lugha anayoielewa, kile kilichosemwa juu yake, bado hajahitimu, hata kama ana vyeti vya kujaza ukuta.

Kuna ukuta wa fedha. Baada ya miaka ya chuo kikuu huja karo ya Chuo cha Sheria, kisha uanagenzi ambao wengi huufanya bila malipo au kwa nauli tu, katika mji ambako chumba kimoja hula mshahara wa kibarua. Wengi hushindwa mitihani mara ya kwanza na hulazimika kulipa tena. Tangu 1963 mafunzo hayo yamekuwa Nairobi, na mawakili wengi wamebaki huko na katika miji michache mikubwa. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mshtakiwa wa Lodwar au wa Hola hafaidiki na wingi wa mawakili walioko kilomita mia kadhaa kutoka kwake.

MIZANI ISIYO SAWA

Tunataka msomaji atafakari jambo moja. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kesi iliyoendeshwa na polisi wa cheo cha chini kuliko kile kilichotajwa na sheria ilikuwa batili. Kwa maneno mengine, mahakama ilisema kwamba anayesema kwa niaba ya serikali lazima awe na sifa, na asipokuwa nazo hukumu haiwezi kusimama. Baadaye Katiba ya 2010 iliunda ofisi huru ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na kazi ya kushtaki ikaondolewa hatua kwa hatua mikononi mwa polisi na kupewa mawakili. Tuliyaunga mkono mageuzi hayo na tunayaunga mkono hata leo.

Lakini angalia mizani sasa. Upande wa serikali tumeongeza wakili. Upande wa mshtakiwa maskini tumeongeza nini? Mtu anayeshtakiwa kwa mauaji katika Mahakama Kuu hupewa wakili kwa gharama ya serikali. Mtu anayeshtakiwa kwa wizi wa mabavu chini ya kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu hupelekwa mbele ya hakimu, anakabiliwa na adhabu ya kifo, na kwa miongo mingi amesimama peke yake. Mwaka 2011 Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba anayekabiliwa na kosa la adhabu ya kifo anastahili wakili. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ikaeleza kwamba haki ya kupewa wakili na serikali hupimwa kwa uzito wa kosa, ugumu wa kesi na uwezo wa mshtakiwa. Mwaka huohuo mahakama hiyo ilifuta ulazima wa hukumu ya kifo katika kesi za mauaji, na mwaka 2021 ikafafanua kwamba uamuzi wake ulihusu mauaji peke yake. Basi yule mwenye wakili ndiye aliyepunguziwa ukali wa sheria, na yule asiye na wakili ndiye aliyeachwa mbele yake.

Katiba haina kigugumizi juu ya haya. Ibara ya 48 inaitaka serikali ihakikishe kila mtu anaifikia haki, na ada isiwe kizuizi. Ibara ya 50 inampa mshtakiwa haki ya kuchagua wakili, na ya kupewa mmoja kwa gharama ya serikali endapo bila hivyo atadhulumika pakubwa; tena aelezwe haki hizo mapema. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 iliunda chombo cha kitaifa cha kazi hiyo na kuwatambua wasaidizi wa kisheria waliofunzwa. Kinachokosekana ni fungu la fedha na nia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu umekuwako tangu siku za mahakama za Kiafrika.

TUNALODAI

Kwa serikali na Bunge tunasema: lipeni fedha za msaada wa kisheria kama mnavyolipa fedha za kushtaki. Kazi ianze kwa kila mshtakiwa wa kosa lenye adhabu ya kifo, katika kila mahakama, bila kumngojea aombe kile asichojua kwamba ni chake.

Kwa Chuo cha Sheria na Baraza la Elimu ya Sheria tunasema: tunzeni ugumu wa mitihani, ondoeni vikwazo visivyopima ujuzi, pelekeni mafunzo karibu na watu, na mfundishe utetezi kwa Kiswahili.

Kwa Chama cha Mawakili tunasema: msiitumie hofu ya mawakili bandia kujenga ua wa biashara. Sheria yenyewe imekwisha kukubali kwamba si kila kauli mahakamani inahitaji wakili. Katika mahakama ya kazi, ofisa wa chama cha wafanyakazi anaruhusiwa kumsimamia mwanachama wake. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka 2016, kwa madai ambayo sasa hayazidi shilingi milioni 1, iliruhusu mhusika awakilishwe na mtu aliyemwidhinisha, mradi mahakama iridhike kwamba anaifahamu kesi. Huo ndio mfano mwema: mafunzo na mamlaka yalingane na uzito wa jambo. Deni la mbuzi wawili halihitaji mafunzo ya miaka 6. Uhai wa mtu na shamba la ukoo unayahitaji. Na mawakili wachanga walipwe wakati wa uanagenzi, ili kazi hii isiwe ya watoto wa wenye nacho peke yao.

Kwa makanisa tunasema neno la kindugu. Katika miaka migumu ya 1990 na 1992, mimbari zilisema pale ambapo magazeti yalitishwa. Maaskofu Okullu, Muge na Gitari, na Kasisi Njoya, hawakungoja ruhusa. Kazi ya leo haina kishindo cha siku zile, lakini ni ileile. Kila parokia na iwatume watu wawili wakafunzwe usaidizi wa kisheria. Wafunzwe pia mipaka ya kazi hiyo: kumweleza mtu haki yake, kumwandalia karatasi zake, kumtafutia wakili, kuketi naye mahakamani, na kamwe wasijiite mawakili. Kitabu cha Mithali kinatuagiza tuwe kinywa cha asiye na msemaji. Agizo hilo hatujalitimiza kwa kusali nje ya jela peke yake.

Na kwako wewe msomaji: kabla ya kumpa mtu hata shilingi moja, mwulize jina lake kamili kama lilivyo katika Daftari la Mawakili. Chama cha Mawakili kina orodha ambayo yeyote anaweza kuitazama kwenye intaneti au kuiulizia ofisini. Dai risiti kwa kila malipo. Dai nakala ya kila karatasi iliyopelekwa mahakamani. Mtu akikuahidi kwamba anamjua hakimu, ondoka. Huyo hakuuzii sheria, anakuuzia dhambi. Na ukiwa umekwisha kupatana na wakili wa kweli aliyechelewa kuchukua cheti cha mwaka, usife moyo: mwaka 2015 Mahakama ya Juu iliamua kwamba hati haiwi batili kwa sababu hiyo peke yake, maana mteja asiye na kosa asibebeshwe kosa la wakili.

Siku ya Jumatatu mahakama zitafunguliwa tena. Vijana watapandishwa kutoka korokoroni, mashtaka yatasomwa, na upande mmoja utakuwa na msemaji. Tulipigania vyama vingi kwa sababu nchi yenye sauti moja haikosi machoni pake yenyewe. Chumba cha mahakama chenye sauti moja ni hivyohivyo. Nendeni mkaketi pale, ndugu zetu, hata kama ni kwa saa moja. Mkirudi mtaelewa kwa nini hatukupiga makofi, na kwa nini hatutanyamaza.